Fizikia ngumu kuliko zote haitaki maabara, mbona tunaificha Khayega?

Hebu nikuulize wewe unayesoma hii ukingoja abiria pale steji ya Khayega, au umejilaza tu nyumbani bando likiisha polepole: nani alikuambia fizikia si yako?

Lazima kuna mtu alikuambia. Pengine mwalimu, pengine mjomba aliyefika kidato cha nne akaonja joto la jiwe. Alisema shule yenu haina maabara ya maana, kwa hivyo shikeni bayolojia na kemia, hiyo nyingine waachieni watoto wa shule kubwa. Kwa miaka mingi ya KCSE fizikia imekuwa na watahiniwa wachache kuliko bayolojia na kemia, na kisingizio kimekuwa hicho hicho. Sasa kundi la kwanza la mtaala mpya limeingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kila mwanafunzi ana masomo matatu ya mkondo wake, na hata ndani ya STEM unaweza kubeba mchanganyiko usio na fizikia kabisa. Una miaka kumi na mitano, fomu imejazwa, basi.

Nataka kukipinga hicho kisingizio cha maabara, na nitakipinga kwa mfano uliopita kiasi. Sizungumzii betri na balbu. Nachukua kona ambayo hata wanafizikia wengi huikwepa: intigrali za njia katika nadharia za geji ambamo mpangilio wa kuzidisha una maana. Jina refu, najua. Usitoroke. Vifaa vinavyohitajika ni karatasi, kalamu na subira, na hivyo vyote duka la pale sokoni linauza, isipokuwa subira.

Anza na simu uliyoshika. Iweke wima, skrini ikikutazama. Izungushe kama usukani, robo mzunguko kuelekea kulia, kisha ilaze chali skrini iangalie juu. Simu imelala, kichwa chake kimeelekea kulia. Sawa. Rudi mwanzo ubadilishe zamu: kwanza ilaze chali, halafu izungushe ile robo ya usukani kuelekea kulia, usukani ukiwa pale pale mbele yako. Safari hii simu imesimama kwa ubavu na skrini inatazama kulia. Mizunguko ni ile ile miwili, simu ni ile ile, matokeo tofauti. Tatu mara tano ni sawa na tano mara tatu, lakini mizunguko haifuati sheria hiyo.

Hilo ndilo jambo lote. Mengine ni kulifuata kwa ukaidi hadi mwisho wake.

Mwaka 1925 kijana Mjerumani, Werner Heisenberg, alikimbilia kisiwa cha Helgoland kwa sababu chavua ilikuwa inamtesa pua. Alikuwa na miaka 23. Huko akapiga hesabu za atomu na kugundua kitu kilichomtia wasiwasi: katika hesabu zake, kuzidisha A kwa B hakukutoa jibu moja na kuzidisha B kwa A. Leo tunajua maana yake. Mahali ilipo elektroni na mwendo wake havipimiki vyote viwili kwa uhakika kamili. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa wa sayansi ya kwanta kuadhimisha miaka mia moja ya mambo hayo. Sijui kama uliskia. Mtaani kwetu hakuna aliyepiga hata firimbi.

Sasa panda ngazi moja. Mwaka 1947 Mmarekani Hartland Snyder aliuliza: na kama mahali penyewe ndipo pana tabia hiyo? Yaani si mahali dhidi ya mwendo, bali mashariki-magharibi dhidi ya kaskazini-kusini. Ukitaka kuelewa, fikiria shamba. Hapa kwetu Isukha kila mtu ni mtaalamu wa mipaka, maana tumegawana mashamba ya babu hadi yamekuwa vipande vya kupanda sukuma wiki tu. Soroveya wa kawaida anapima upande mmoja, anapima wa pili, anaweka bikoni, mnaenda zenu mkinuniana. Katika nafasi ya Snyder, ukikaza kipimo cha upande mmoja, cha upande wa pili kinaanza kuyumba chenyewe. Si kwamba kamba ni mbovu. Shamba ndilo liko hivyo. Kuna kipande kidogo ambacho hakigawanyiki tena, hata mlete chifu na wazee wote wa ukoo.

Utasema hizo ni ndoto za watu walioshiba. Lakini chukua elektroni, ifungie kwenye tabaka jembamba sana, weka uga mkali wa sumaku. Elektroni inazunguka duara, na kitovu cha duara hilo kina tabia hiyo hasa: ukikijua kwa upande mmoja, kinapotea kwa upande wa pili. Tabia hiyo imo ndani ya tukio ambalo Klaus von Klitzing aliligundua mwaka 1980 na kupewa Nobeli mwaka 1985. Kwa hivyo hesabu hizi zina mguu mmoja chini. Mguu wa pili, ule unaodai kwamba nafasi yenyewe ya ulimwengu iko hivyo, bado uko hewani. Hakuna jaribio lililouona hadi leo, na yeyote anayekuambia vinginevyo anakuuzia kitu.

Twende kwa njia. Unataka kutoka Khayega kwenda Kakamega mjini. Unapanda matatu barabara kuu, dakika chache umefika. Unaweza pia kuzunguka kupitia Shinyalu. Mtu mwenye wazimu na nauli anaweza kupitia Kisumu, au Mombasa. Richard Feynman, mwaka 1948, akitumia dokezo ambalo Paul Dirac alikuwa ameliacha mwaka 1933, alisema elektroni haichagui. Kupata uwezekano wa kufika, lazima uhesabu njia zote, hata ile ya Mombasa. Kila njia inaleta mshale mdogo, yote urefu sawa, lakini kila mmoja umeelekea kwake. Ukiiunganisha yote, ule mshale mkubwa unaobaki ndio unaokupa jibu.

Mbona basi jiwe ukilirusha linafuata njia moja tu? Hapa mimi huwaza ngoma ya Isukuti, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Wapigaji wakiwa kwenye mdundo mmoja, sauti inakufikia hata ukiwa ng'ambo ya mto. Wapigaji elfu moja kila mmoja na wake, unapata mvumo usio na umbo. Njia zilizo karibu na ile ya kawaida zina mdundo mmoja, zinaongezana. Zile za wazimu zinapingana, zinafutana. Jiwe zito linasikia mdundo mmoja tu. Elektroni, kwa kuwa ni nyepesi mno, inasikia pia ule mvumo wa pembeni, na ndiyo maana inafanya vituko. Kujumlisha njia zote hivyo ndiko kunakoitwa intigrali ya njia.

Limebaki neno geji, na hapa sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo sijawahi kuiona ikitumika darasani. Wewe unajua saa mbili asubuhi ya mama yako ni saa nane kwenye simu yako. Hakuna anayechelewa kanisani kwa sababu hiyo. Jua ni lile lile, majina ya saa ndiyo tofauti, na ukiongeza au ukipunguza sita kila mahali, hakuna kilichobadilika duniani. Uhuru huo wa kuchagua sifuri ya saa ndio mbegu ya nadharia za geji.

Sasa ukaze uhuru huo. Sema kila mji unajipangia sifuri yake: Khayega na yake, Shinyalu na yake, Kakamega na yake. Ili matatu zisivurugike, kila kipande cha barabara lazima kiwe na namba inayomwambia dereva aongeze au apunguze saa ngapi akifika. Mkusanyiko wa namba hizo ndio uga wa geji. Na kitu kitamu ni hiki: ukizunguka Khayega, Shinyalu, Kakamega, ukarudi Khayega ukifuata namba za njiani kwa uaminifu, kisha saa yako ikagoma kukubaliana na saa uliyoiacha nyumbani, tofauti hiyo hakuna mji unaoweza kuifuta kwa kubadilisha sifuri yake. Ni kitu halisi. Nguvu za sumaku na umeme ndizo tofauti za namna hiyo. Chen Ning Yang na Robert Mills waliipanua hesabu hii mwaka 1954, na leo nguvu zinazoshikilia kiini cha atomu zinaelezwa kwa lugha hiyo.

Ukitaka kujumlisha njia zote za uga kama huo unaingia kwenye shida ambayo Mkenya yeyote anaitambua. Hali moja imeandikishwa mara nyingi kwa majina tofauti, kama mtu aliye kwenye daftari la mishahara mara tatu. Ukijumlisha tu, unapata upuuzi. Mwaka 1967 Ludvig Faddeev na Victor Popov wa Leningrad walipata dawa: wakaingiza kwenye hesabu chembe za uongo ambazo haziwezi kuonekana, zinazoitwa mizimu, ambazo kazi yake ni kuondoa kile kilichohesabiwa mara nyingi. Wafanyakazi hewa wetu hutafuna hazina. Hewa wa Faddeev na Popov wanasafisha vitabu. Tungewaajiri wale.

Basi unganisha yote. Weka uga wa geji kwenye shamba la Snyder, ambako mpangilio wa kuzidisha una maana, kisha ujumlishe njia zote, mizimu ikiwemo. Mambo ya ajabu yanatokea mara moja. Katika hesabu za kawaida za uga wa sumaku na umeme, mwanga hauna biashara na mwanga, ndiyo maana tochi mbili zinapishana usiku bila kusalimiana. Kwenye shamba la Snyder fotoni zinaanza kusukumana zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu tu kuzidisha huku na kule si sawa tena. Mwaka 1999 Nathan Seiberg na Edward Witten walionyesha kwamba nadharia kama hizo huchipuka zenyewe ndani ya nadharia ya nyuzi, na wakatoa namna ya kuzitafsiri kuwa nadharia za geji za kawaida. Kona iliyokuwa imesahaulika kwa kiasi kikubwa ikajaa watu.

Halafu ikaja baridi. Snyder alitumaini kwamba ukipata kipande kisichogawanyika, yale majibu ya infiniti yanayosumbua fizikia ya kwanta yatatoweka, maana yanatoka kwenye umbali mdogo mno. Desemba mwaka huo huo wa 1999 Shiraz Minwalla, Mark Van Raamsdonk na Seiberg walionyesha kwamba shida ya umbali mdogo haitoweki. Inahamia kwenye umbali mkubwa. Umefukuza panya jikoni, umemkuta sebuleni akitazama runinga. Harald Grosse na Raimar Wulkenhaar baadaye walipata tiba kwa nadharia rahisi zaidi, isiyo ya geji. Kwa zile za geji, swali bado liko mezani. Watu wanaandika, wanajaribu, wanabishana.

Nimekuchosha na hayo yote kwa sababu moja. Rudi nyuma utafute mahali ambapo mtu alihitaji maabara. Von Klitzing peke yake. Snyder, Feynman, Faddeev, Seiberg, wote walikuwa na kalamu. Na makala ya mwaka 1999 hayajafungiwa kwenye kabati la mtu. Yako arXiv, hifadhi ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 1991, unayasoma bure. Makala moja inakula bando dogo kuliko video moja ya mtu akicheza TikTok. Mimi mwenyewe sina digrii. Niliachana na chuo mwaka wa pili karo ilipolemea nyumbani, na yote niliyokueleza hapa nimeyasoma kwa simu, polepole, nikirudia ukurasa mmoja wiki nzima. Kupiga hesabu zenyewe za utafiti, hapana, sijafika. Kuelewa swali ni nini, hilo linawezekana, na ni haki ya mtoto wa shule ya kutwa kama ilivyo ya mtoto wa bweni la kitaifa.

Na usiniambie hii ni kazi ya Wazungu. Intigrali ya njia ya chembe kwenye uwanja wa aina ya Snyder iliandikwa mwaka 2009 na Sunandan Gangopadhyay na Frederik Scholtz, kazi iliyofanyika Stellenbosch, Afrika Kusini. Cotonou, Benin, kuna kiti cha UNESCO cha fizikia ya hisabati chini ya Mahouton Norbert Hounkonnou, ambako vijana wa Kiafrika wamekuwa wakichapisha kuhusu nadharia hizi hizi kwa miaka. Benin! Nchi yenye watu wachache kutuliko kwa mbali, na sijasikia mtu akisema kule hakuna maabara kwa hivyo tuache.

Karibu zaidi kuna Kigali. Taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa misingi ya sayansi, EAIFR, ilianza mwaka 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, mshirika wa ICTP ya Trieste, Italia, ambayo Mpakistani Abdus Salam aliianzisha mwaka 1964 akiwafikiria wanasayansi wa nchi kama zetu. Kigali hiyo hiyo kuna tawi la AIMS, taasisi ya hisabati aliyoianzisha Neil Turok mwaka 2003. Turok alizaliwa Johannesburg, wazazi wake wakafungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi, na familia ikapitia uhamishoni Kenya na Tanzania kabla ya kwenda Uingereza. Kazi yake ya miaka ya karibuni? Intigrali ya njia ya ulimwengu mzima, tangu mwanzo wake.

Swali la ugali nalijua. Itanilipa nini? Kwa uaminifu, nadharia ya geji kwenye shamba la Snyder haijamlipia mtu yeyote kodi ya nyumba nje ya chuo kikuu. Lakini mbinu yenyewe ya kujumlisha njia inasafiri. Fomula inayobeba majina ya Feynman na Mark Kac inatumika kwenye masoko ya fedha kukadiria bei za mikataba, na hesabu za vifaa na kemikali kwenye kompyuta hujumlisha njia kila siku. Aliyeishika hakosi pa kuipeleka. Sitajifanya kwamba hilo ndilo linalonisukuma, ila wazazi watauliza na wana haki ya kujibiwa.

Kinachoniudhi ni mnyororo. Kuingia Kigali kwa shahada ya uzamili unahitaji digrii ya fizikia au hisabati. Digrii ya fizikia inataka fizikia ya sekondari ya juu. Fizikia ya sekondari ya juu inategemea ratiba ambayo mtu mmoja ofisini alipanga akiangalia vifaa alivyonavyo kwenye kabati, badala ya kuangalia watoto alionao darasani. Serikali ilikubali mwaka 2025, baada ya kelele nyingi, kwamba hisabati ibaki kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu. Vizuri. Kelele ziendelee. Shule ya kutwa ya Shinyalu isiyo na maabara ipewe mwalimu wa fizikia kwanza, vifaa vifuate, na majaribio ya vitendo yafanyiwe kwa jirani mwenye maabara hata kama ni Jumamosi. Mitihani ya vitendo ni kikwazo cha kweli, sikatai. Lakini ni siku chache za kupanga usafiri, na hiyo si sababu ya kumnyima mtu somo la miaka mitatu.

Masinde Muliro, chuo kikuu tangu 2007, kiko matatu moja kutoka hapa na kina wahadhiri wa fizikia. Nawaomba waje Khayega siku ya soko, Jumamosi moja tu kwa muhula, na ubao. Wasilete projekta, stima itapotea. Waanze na simu na usukani, wafike kwenye saa mbili ya mama na saa nane ya simu, waone nani atabaki amesimama saa sita mchana. Na wewe uliye Gredi ya 10 na mchanganyiko wako hauna fizikia, nenda kwa mwalimu mkuu wiki hii uulize kama bado unaweza kubadilishiwa, na uende na mzazi.